Kichujio kinanasa 99%, sasa hili vumbi la dirishani linatoka wapi?

#1 Mama Dirisha
Wakuu, habari za saa hizi. Naishi kama kilomita nne kutoka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Zamani bomba lilikuwa linatoa moshi mweusi ti, unaanika shuka nyeupe unaanua ya kijivu. Mwaka juzi wakafunga mitambo mipya ya kusafisha moshi. Tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa vumbi 99% linanaswa kabla ya kutoka nje. Na kweli, moshi wa siku hizi ni mweupe pe.

Ila kila asubuhi nikipitisha kitambaa kwenye kizingiti cha dirisha kinatoka na mstari mweusi. Jana nimefuta saa moja jioni, leo saa kumi na mbili asubuhi nimefuta tena, mstari upo. Wataalamu naomba mnisaidie: tulidanganywa, au hiyo 99% mimi siielewi?

#2 Ngoja Waje
Nimewahi siti ya mbele. Wenye fani wanakuja.

#3 Hesabu Kali
Mama, tupige hesabu tuache hisia. Chukulia mtambo wa megawati 500. Kwa saa unakula kama tani 200 za makaa. Tuseme robo ya makaa hayo ni majivu, hizo ni tani 50 kila saa. Moja ya tano inadondoka chini ya tanuri, tani 40 zinapanda na moshi. Ukinasa 99%, kinachotoka ni kilo 40 kwa saa. Kilo 40 zitawanywe angani kutoka bomba refu namna ile, kizingiti chako kitapata nini? Tafuta mchawi mwingine.

#4 Fundi Nyundo
@Hesabu Kali, asilimia moja ya tani 40 ni kilo 400. Kilo 40 unazipata ukifika 99.9%. Ndiyo maana sisi tuliofanya kazi hizo tulikuwa tunagombana kwa sababu ya hiyo tisa ya tatu. Mtu wa nje anaona 99 na 99.9 ni mtu na mdogo wake, kumbe mmoja anamwaga mara kumi ya mwenzake.

Nimekaa miaka 11 kwenye presipiteta, kile kichujio cha umeme. Ndani ni kama ukumbi wa mabati yaliyosimama wima, safu kwa safu, katikati zinaning'inia nyaya zenye umeme wa makumi elfu ya volti. Vumbi likipita linachajiwa, linavutwa, linaganda kwenye bati. Kila baada ya muda nyundo zinagonga bati, ganda la vumbi linadondoka kwenye hopa, yaani chombo cha kukusanyia majivu kilichoko chini. Ukisimama nje unasikia *ko... ko... ko...* usiku kucha, mpaka ukienda likizo unakosa usingizi kwa ukimya.

Sasa shida. Nyundo ikigonga, si vumbi lote linadondoka, lingine linarudi kwenye mkondo wa moshi. Hopa ikijaa bila kutolewa, majivu yanapanda mpaka yanagusa nyaya, uga mzima wa umeme (sehemu moja ya kichujio yenye umeme wake) unazima. Mtambo hausimami kwa ajili hiyo, unaendelea na uga zilizobaki. Nimeshawahi kukuta shifti ya usiku uga mbili kati ya nne zimelala na kila mtu anajua.

#5 Hesabu Kali
Nimekubali, sifuri imenidondoka. Hoja ya kutawanyika naishikilia.

#6 Panya Buku
Jina Hesabu Kali, hesabu zenyewe laini kama sufi 😂

#7 Mvuke
Mleta uzi asidanganywe na rangi. Moshi mweupe ni mvuke tu wa maji. Kama wamefunga mtambo wa kuosha salfa, moshi unapitishwa kwenye mvua ya uji wa mawe ya chokaa. Dioksidi ya salfa inashikwa na chokaa, mwisho inazaliwa jasi, ileile inayotengenezewa mbao za dari na kuta. Moshi unatoka umelowa, ukikutana na hewa baridi unakuwa wingu. Ni kama pumzi yako asubuhi ya baridi.

#8 Bluu Bahari
Mvuke mweupe sawa, lakini angalia mkia. Wingu la mvuke likiisha kuyeyuka, je, nyuma yake kunabaki utando? Kama upo na una rangi kama ya buluu, hiyo ni tindikali ya salfa.

Kuna mfano unaojulikana. Mtambo wa Gavin huko Ohio, Marekani, ulifunga vyombo vya kuondoa oksidi za nitrojeni mwaka 2001. Vile vyombo vinatumia amonia pamoja na kichocheo. Kichocheo kikafanya kazi yake kwa nitrojeni, lakini pembeni kikabadilisha pia sehemu ya gesi ya salfa kuwa aina inayozaa tindikali. Mawingu ya buluu yakawa yanashuka kwenye kijiji cha jirani, Cheshire. Mwaka 2002 kampuni ikakinunua karibu kijiji chote, dola milioni 20, watu wakahama.

#9 Panya Buku
Kwa hiyo walishindwa kupunguza moshi wakapunguza majirani.

#10 Dereva Mstaafu
Mnahangaika na bomba wakati jibu liko barabarani. Mimi nimeendesha lori la majivu miaka sita. Majivu yaliyonaswa huko kwa Fundi Nyundo yanakwenda wapi mnadhani? Tulikuwa tunapakia chini ya silo, tunayalowesha kidogo, tunafunika turubai, tunapeleka bwawani au kiwanda cha saruji. "Kidogo" hiyo ilitegemea mpakiaji. Ukilowesha sana yanaganda kwenye bodi na kumwaga inakuwa kazi, kwa hiyo watu wanapenda makavu. Turubai likichanika hakuna anayejali mpaka mkuu wa usalama apite. Unaangalia kwenye kioo cha pembeni unaona mkia wa kijivu nyuma yako kama kimondo.

Kuna rundo la makaa pia. Lipo wazi, upepo wa jioni ukivuma unalisomba. Mama Dirisha, barabara ya malori iko upande gani wa nyumba yako?

#11 Mama Dirisha
Asanteni nyote. Barabara iko upande wa chumbani, mita kama 300. Dirisha ninalofuta ni la sebuleni, upande wa pili. Rangi: si jeusi la masizi ya chungu, ni jeusi linaloelekea kijivu, na nikisugua kati ya vidole halina chenga, ni laini kama poda.

@Fundi Nyundo, zile uga kulala usiku, ni jambo la kawaida? Mbona tuliambiwa kuna vipimo vinavyorekodi saa 24?

#12 Fundi Nyundo
Laini kama poda inaelekea kwangu, majivu ya kuruka. Ukiyaweka kwenye hadubini ni vidonge vya duara kama shanga za kioo, kwa sababu yaliyeyuka ndani ya moto yakaganda hewani. Vumbi la makaa lina pembe pembe kama changarawe.

Kama huna hadubini, fanya hivi. Kusanya vumbi kwenye karatasi nyeupe, pitisha sumaku chini yake. Majivu yana chuma, baadhi ya chembe zitatembea. Halafu weka kidogo kwenye kijiko cha chuma upashe moto mpaka kijiko kiwe chekundu. Vumbi la makaa litaungua lipungue, majivu yatabaki vilevile maana yalishaungua.

Kuhusu vipimo, vipo. Ila soma #20 nitakapoandika, sasa naingia kazini.

#13 Panya Buku
Mtu anaahidi #20 tukiwa #12, huyu kweli alikuwa serikalini.

#14 Gereji Kuu
Sumaku haithibitishi kitu. Vumbi la breki za magari lina chuma tele, na mama anasema barabara ya malori iko mita 300. Nikichukua vumbi la gereji yangu hapa nikapitisha sumaku, linacheza ngoma. Mnataka kusema nina mtambo wa umeme uani?

#15 Kichomeo
Na jaribio la kijiko nalo lina tundu. Jamaa wamesema walifunga "mitambo mipya", na mara nyingi kifurushi hicho kina vichomeo vya kupunguza oksidi za nitrojeni. Vinafanya kazi kwa kuinyima ndimi ya moto hewa mwanzoni, hewa iliyobaki inaingizwa juu zaidi. Joto la kilele linashuka, oksidi za nitrojeni zinapungua. Gharama yake ni kwamba makaa mengine hayaungui vizuri, kaboni inabaki ndani ya majivu. Majivu yanakuwa meusi kuliko ya zamani, na ukiyachoma kwenye kijiko YATAPUNGUA. Kwa hiyo jeusi linaloelekea kijivu linaweza kuwa majivu ya bomba hasa. Hata watu wa saruji wanayalalamikia, kaboni ikizidi zege linawasumbua.

#16 Fundi Nyundo
#15 umenena. Hilo nililisahau na lilitutesa sana. Kaboni inachajika haraka na kuachia haraka, inaruka kutoka bati moja hadi jingine mpaka inatoka.

Ongeza hili: kama wamebadilisha makaa wakaleta yenye salfa kidogo, presipiteta inaumwa. Salfa kidogo kwenye moshi husaidia vumbi kupitisha umeme. Ikikosekana, vumbi linang'ang'ania kwenye bati kama kinga, cheche zinaanza kupiga kinyume, na unasaji unashuka. Sisi ilibidi tuingize kwa makusudi gesi ya salfa kidogo ili tunase vumbi. Umeokoa huku umeharibu kule.

#17 Nesi wa Zamu
Naomba niwakatishe. Nimefanya kazi wodi ya kifua muda mrefu. Vumbi linalotua dirishani ni lile kubwa, pua na koo vinalizuia kwa sehemu kubwa. Linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na hata kwenye damu ni lile lenye upana chini ya maikromita 2.5, na hilo halitui kirahisi hivyo, linaelea siku kadhaa. Dada Dirisha anaweza kupata kitambaa kisafi kabisa na bado hewa ikawa mbaya.

Na sehemu kubwa ya hilo dogo haitoki bombani ikiwa vumbi. Inatoka ikiwa gesi, inapita kwenye presipiteta ya Fundi bila kubisha hodi, halafu huko angani gesi ya salfa inageuka salfeti, chembe ndogo kabisa. Turudi kwenye tani 200 za Hesabu Kali: salfa ikiwa 1%, ni tani 2 za salfa, na ikiungua inakuwa tani 4 za gesi kila saa. Uji wa chokaa ukishika 95%, zinabaki kilo 200. Usipoosha, ni tani 4 zote. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizi kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo. Sijawahi kuona mgonjwa anayeulizwa kuhusu kizingiti cha dirisha.

#18 Hesabu Kali
Hesabu zako nimezikagua, ziko sawa (nimejifunza). Uzito wa dioksidi ya salfa ni mara mbili ya salfa.

#19 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, zamani suluhisho lilikuwa bomba refu. Moshi ukipanda juu sana, jirani hauoni, basi kesi imeisha. Lile la Ekibastuz GRES-2 kule Kazakhstan lina mita karibu 420, refu kuliko yote duniani. Uingereza nao walijenga marefu. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, akaonyesha kwamba tindikali kwenye mvua ya Skandinavia inasafiri kutoka nchi nyingine. Samaki wanakufa kwenye maziwa ambayo hayana hata kiwanda kimoja jirani.

Na kuosha moshi si jambo la juzi. Battersea, London, waliosha moshi wao kwa maji tangu miaka ya 1930. Tatizo moshi uliooshwa ulipoa, ukakosa nguvu ya kupanda.

#20 Fundi Nyundo
Nimerudi, #20 kama nilivyoahidi, @Panya Buku andika hilo.

Vipimo vya bombani. Kipimo kinasoma miligramu ngapi kwa mita ya ujazo, lakini lazima uirekebishe kwa oksijeni, kwa makaa kawaida ni 6%. Bila hivyo ukivujisha hewa safi ndani ya mfereji wa moshi, namba inashuka na uchafu ni uleule. Mfano: kinasoma 30, oksijeni ni 11%. Kanuni ni 30 mara (21 toa 6) gawa kwa (21 toa 11), hiyo 21 ni asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida, unapata 45. Kama kikomo ni 40, ubaoni unaonyesha 30 watu wanapiga makofi, kumbe umevuka. Kwa hiyo ukipewa grafu uliza: imerekebishwa au mbichi?

La pili, wastani. Wakipewa kikomo cha wastani wa siku, saa mbili chafu za alfajiri zinamezwa na saa 22 safi. Na mtambo ukiwashwa upya unaanza na mafuta, na sehemu nyingi presipiteta haiwashwi mpaka mafuta yapungue, kwa kuogopa masizi ya mafuta kushika moto ndani. Hizo saa zinaandikwa "kuwasha" na huwa hazihesabiwi.

#21 Dereva Mstaafu
Fundi anatetea bomba lake kwa namna ya kulikashifu. Bado nasema malori.

#22 Soko Huria
Mnabaki kwenye nyundo na turubai wakati dawa inajulikana. Marekani mwaka 1990 walibadili sheria ya hewa safi, kuanzia 1995 mitambo mikubwa yenye uchafu zaidi, na kuanzia 2000 mingine mingi, ikawa na vibali vya gesi ya salfa, anayepunguza zaidi anauza vibali vyake. Mitambo ya umeme ilikuwa inatoa tani karibu milioni 16 mwaka 1990, ikafika chini ya milioni moja kufikia 2020. Bei ikiwekwa, wahandisi wanapata akili.

#23 Reli na Makaa
Mkuu #22, nusu ya hadithi. Wengi hawakufunga kitu chochote mwanzoni, walibadilisha makaa tu. Makaa ya salfa kidogo yalikuwa Wyoming, na ushindani wa reli ulishusha nauli. Baadaye ikaja gesi asilia ya bei nafuu, mitambo ya makaa ikafungwa. Na kanuni za zebaki za 2012 nazo zikabana. Soko lilisaidia, ila usilivike taji peke yake.

China hawakwenda njia ya soko. Mwaka 2014 walitoa viwango: vumbi miligramu 10, salfa 35, nitrojeni 50, ukifika unalipwa bei bora kidogo ya umeme. Amri na motisha pamoja.

#24 Swali la Kizushi
India je?

#25 Reli na Makaa
Waliweka viwango Desemba 2015, wakatoa miaka miwili, wakasogeza, wakasogeza tena, na 2025 mitambo mingi ikaondolewa kwenye sharti la kuosha salfa. Hoja yao ni kwamba makaa yao yana salfa kidogo, na mtambo wa kuosha nao unakula umeme. Ni kweli yana salfa kidogo, shida yao kubwa ni majivu. Ila soma #17 kuhusu gesi inayogeuka chembe, halafu uamue mwenyewe.

#26 Bluu Bahari
Hata waliofunga wanaweza kukwama. Kusile, Afrika Kusini, mtambo mpya wenye vioshea salfa. Oktoba 2022 mfereji wa moshi ulielemewa na uji uliokuwa umejijenga ndani, ukaanguka. Wakajenga mabomba ya muda yasiyo na kioshea ili umeme urudi. Ungekuwa wewe waziri, nchi iko gizani, ungefanyaje?

#27 Zima Zote
Funga. Uingereza walianza na Holborn Viaduct 1882, wakazima wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Ontario, Kanada, walitoka robo ya umeme mwaka 2003 hadi sifuri 2014. Hakuna nyundo, hakuna turubai.

#28 Fundi Nyundo
Ontario walikuwa na nyuklia na maji ya kutosha kuziba pengo. Mitambo iliyokwisha kujengwa itawaka miaka mingine mingi, na mtu anayelala karibu nayo usiku wa leo anahitaji uga nne zinazofanya kazi, leo.

#29 Zima Zote
Na ndiyo kisingizio cha kuiongezea maisha. Ukishatumia fedha nyingi kufunga kioshea, nani atakubali kuuzima kabla fedha haijarudi?

#30 Nesi wa Zamu
Mmoja anaongelea usiku wa leo, mwingine miaka ishirini. Sioni mnapogombana.

#31 Zima Zote
Tunagombana kwenye bajeti, dada. Hela ni ileile moja.

#32 Bwawa
Na uchafu ulionaswa haupotei. Desemba 22, 2008 kule Kingston, Tennessee, ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka usiku, zaidi ya galoni bilioni moja za tope zikafunika nyumba na mto. Hayo ndiyo majivu yaliyokuwa yamenaswa yasitoke bombani.

#33 Panya Buku
Mama Dirisha yuko wapi? Tumetoka sebuleni kwake tuko Tennessee.

#34 Mama Dirisha
Nipo, nasoma kila kitu. Nina majibu ya wiki tatu.

Mtambo ulizimwa kwa matengenezo, wakatangaza. Nikaona ndiyo nafasi. Niliweka sahani nyeupe tatu: moja juu ya paa, moja kizingiti cha sebuleni, moja upande wa barabara. Nikaziacha usiku, nikazifuta asubuhi kwa pamba, kila pamba kwenye kibahasha chenye tarehe.

Bomba likiwa limezimwa kabisa, sahani ya barabarani ilichafuka vilevile. Ya paani uchafu ulipungua sana, ikawa karibu safi. Ya sebuleni ilipungua lakini haikuisha. Sumaku: chembe zilitembea kwa zote tatu. Kijiko: ya barabarani haikupungua, ya paani (ile ya kabla ya kuzimwa) ilipungua kama nusu.

#35 Dereva Mstaafu
Nimesema nini mimi? Mtambo umezimwa, vumbi lipo. Malori!

#36 Kichomeo
Ya paani imepungua baada ya kuzimwa, na ilipochomwa ikapungua nusu. Hiyo ni kaboni ndani ya majivu, yaani bomba.

#37 Gereji Kuu
Au makaa kutoka kwenye rundo. Mtambo ukizimwa mikanda ya makaa nayo inasimama. Nayo inaungua kijikoni.

#38 Dereva Mstaafu
Halafu wakati wa matengenezo ndipo tulikuwa tunasafisha mabwawa, malori yanaongezeka. Kwa hiyo hata ya barabarani huwezi kulinganisha.

#39 Fundi Nyundo
Mama, kazi nzuri kuliko ya wakaguzi wengi niliowaona. Swali moja tu kabla hatujarushiana viti: zile wiki tatu upepo ulikuwa unatoka upande gani?

#40 Mama Dirisha
Sikuandika.

#41 Panya Buku
😂😂😂

#42 Mama Dirisha
Wanawasha tena Jumatatu. Nimefunga utepe kwenye mti wa jirani, na vibahasha vipya ninavyo.